Ubeti wa Pili wa Oleta

Oleta Pruitt alikwenda Nashville kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, na njia nzima alimdanganya mdogo wake kwamba anafuata kuku wa pilipili.

"Dada, kuku gani huyo wa kufuatwa mwendo wa saa tano?" Jonell alimcheka. "Sema tu Delbert."

"Tazama barabara, wewe."

Ni Delbert kweli. Miaka thelathini na moja nyuma yeye na Delbert waliishi mjini humo wawili, chumba kimoja juu ya duka la viatu, wakatunga wimbo mmoja, wa sahani mbili mezani, mzuri kuliko wao wenyewe. Ubeti wa kwanza wa Delbert, wa pili wa Oleta. Kisha mama akaugua huko milimani Kentucky, Oleta akarudi kumuuguza, na wiki mbili alizoaga zikazaa miaka. Kila alipopika, kila alipofua, redio iliwaka, yeye ametega sikio. Wimbo haukupigwa hata siku moja. Basi, akajua amesahauliwa, yeye na ubeti wake. Wachumba walikuja, akawatafutia kasoro mmoja mmoja, lakini kasoro yao ilikuwa moja tu: hawakuwa Delbert.

Sasa alitaka kitu kidogo. Watunzi wa nyimbo wa mji ule wana ada yao: hukaa wanne katikati ya ukumbi wakitazamana, hupokezana kuimba, na kabla ya kuimba mtu humtaja aliyetunga naye. Asiyetaja huonekana mwizi. Oleta alitaka kusikia jina lake kinywani mwa Delbert, mara moja tu, kisha arudi kwao.

Jumamosi mchana, kwenye ukumbi alimokuwa akiimba Delbert, walipata meza ya nyuma kabisa. Delbert amezeeka jamani, kichwa cheupe, tumbo limemtangulia. Lakini sauti ni ileile, na Oleta ilimbidi ashike ukingo wa meza. Zamu ya kwanza Delbert alimtaja mwanamume fulani. Ya pili, mwingine. Ya tatu ulikuwa wimbo wake peke yake. Ikabaki zamu moja.

Uvumilivu ukamwishia Jonell. "Imba ule wa sahani mbili!"

Watu wakageuka na macho makali, maana humo hata kunong'ona ni utovu wa adabu. Delbert alikodoa macho, lakini taa zilimpiga usoni, haoni mtu.

"Mama, huo umeusikia wapi? Sijapata kuuimba mbele za watu," alisema. "Waimbaji wakubwa wameuomba, nikawanyima. Nusu yake ni ya Oleta Pruitt, naye alikwenda kumuuguza mama yake. Nikasema utaimbwa akirudi."

"Na bado unangoja, babu?" mwenzake mmoja alimtania.

"Nangoja."

Miaka thelathini na moja Oleta alimlaumu mtu wa watu bure! Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Kumbe muda wote ule angeweza kurudi.

"Nani huko nyuma anayeujua wimbo huo?" Delbert aliuliza.

Jonell alijiziba mdomo kwa kiganja. Oleta alikuwa na maneno ya kujaza gari, likatoka moja tu, tena kwa kukwaruza.

"Mimi."

Delbert hakuuliza mimi nani. Aliwaomba wenzake wasogee, wapishe kiti cha tano.