Mwanya wa Misumari

Fundi wa makochi alijua pana jambo siku misumari ilipoanza kumdondoka mdomoni.

Msidhani ni jambo dogo. Mtu aliyezeekea kazi ya kuvalisha makochi hashiki misumari mkononi. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, sasa misumari ikae wapi? Inakaa mdomoni. Mmoja mmoja hujitokeza kati ya meno mawili ya mbele, kofia ikiwa nje, sumaku ya nyundo inaunasa, ta! umeshaingia kwenye ubao. Meno ya Fundi yalikuwa na kimwanya chake pale, kilichochongwa na misumari yenyewe. Sasa asubuhi hiyo msumari ukatoka, ukateleza, ukaangukia kwenye sponji. Wa pili vilevile. Wa tatu nusura aumeze.

"Mzee, umezeeka au umependa?" aliuliza seremala, jirani yake wa karakana, ambaye humchongea fremu.

"Kuna mtu kaniibia mwanya," Fundi akajibu, ulimi ukipapasa.

Akatafuta kipande cha kioo, akakenua. Loo! Meno ya mbele yalikuwa yamelingana, mwanya umekwisha. Seremala naye akaja kuchungulia, akatikisa kichwa.

"Hayo yamepigwa randa," alisema. "Tena na fundi hodari."

Hapo ndipo Fundi akapatikana. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, na udhaifu huo anao mpaka leo. Kochi la mtu likija kubadilishwa kitambaa tu, yeye atalichungulia mpaka tumboni aone aliyelitengeneza alikunja wapi na alidanganya wapi. Leo kitendawili kimekaa ndani ya kinywa chake mwenyewe, atatulia vipi? Akaweka nyundo chini, akawaza. Alipokumbuka panya wa nyumbani kwake, alijipiga paji la uso.

Lazima niwaeleze habari ya huyo panya. Fundi alikuwa mkoromaji, na si wa mchezo. Mkewe alivumilia miaka, mwisho akachukua mto wake, akahamia chumba cha binti yao aliyeolewa. Baadaye hospitali wakagundua kwamba pumzi ya Fundi inakatika usingizini, wakampa mashine ya kupumulia: kisanduku cha kuweka kando ya kitanda, mpira mrefu, barakoa ya puani, na mikanda ya kuifungia kichwani. Kukoroma kukakoma. Mke akarudi na mto wake, na Fundi, mzee mzima, karibu apige vigelegele.

Raha haikudumu. Mke akaanza kulalamika: kr, kr, kr, usiku kucha kuna kitu kinatafuna kitanda. Fundi akakibomoa kitanda chote, akapindua godoro, akatega mtego na kipande cha nyama. Nyama ikaoza, panya hakuonekana. Mkewe alikuwa dereva wa basi la shule, na siku moja alisinzia kwenye foleni mpaka watoto wakamwamsha kwa kelele. Jioni yake akauchukua tena mto.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Mimi nabeba roho za watu."

Ilimuuma Fundi, tena sana. Alimtaka mkewe pale kitandani, basi. Hakuna kingine alichokitaka katika uzee wake.

Kwa hiyo mchana huo aliacha kochi uchi, akaenda nyumbani mbio.

"Panya nimempata!"

"Yuko wapi?"

Fundi akafungua mdomo, akaonyesha kwa kidole. Mkewe akaangalia, akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani siku zote hizo unasaga meno! Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu."

"Basi nitampa kitu cha kutafuna," Fundi akasema, na akarudi karakana akiwa na furaha kama mtoto.

Na hapa, jamani, ndipo ufundi ulipomponza. Badala ya kuuliza wanaojua, akachagua ngozi laini iliyobaki kwenye kochi la mteja, akaikata, akaikunja, akaipiga mshono wa ukingo. Kazi safi kabisa. Akalala ameiuma.

Asubuhi aliamka koo limekauka, kichwa kizito, na ngozi iko sakafuni. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, macho mekundu.

"Ilizuia mdomo usifunge," alisema. "Upepo wote wa mashine ukawa unatokea mdomoni, fyuuu, nikausikia kutoka kule chumba cha binti. Halafu wewe ukanyamaza."

"Si ndiyo vizuri, nikinyamaza?"

Mke akainama, akaiokota ile ngozi. Fundi akavunjika moyo, na aliyevunjika moyo husema ovyo.

"Basi mashine nairudisha hospitali. Kabla yake nilikuwa na meno. Wewe umeshahama, nikorome nisikorome ni yale yale. Bora nibaki na meno yangu nifanye kazi."

"Wewe unadhani mara ya kwanza nilihama kwa sababu ya kukoroma?"

"Sasa kwa sababu gani?"

"Kukoroma nilikuzoea zamani, mbona hata nyumbani kwa mama yangu nilikuwa silali kwa kukosa kelele zako. Ni kule kunyamaza. Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Nangoja. Najiambia, sasa hivi atavuta. Huvuti. Nakuwekea mkono mgongoni. Huvuti. Halafu unashtuka, unavuta, unaendelea zako, na mimi ndiyo nimeamka mpaka asubuhi. Nilikimbia kwa woga, baba. Sikutaka siku hiyo initokee nimelala pembeni yako."

Kochi hili Fundi hakuwahi kulifungua.

"Meno saga yote yaishe," mkewe akamalizia, "tutaweka ya bandia. Pumzi tutaweka ya wapi?"

Wakaenda wote wawili kwa daktari wa meno, mashine ndani ya mkoba. Daktari alikuwa binti wa rika la binti yao, mwenye miwani. Aliangalia meno, akabonyeza mataya, Fundi akaguna kwa maumivu.

"Baba, hebu vaa barakoa kama unavyovaa nyumbani."

Fundi akavaa. Akavuta mkanda wa juu, akavuta wa chini, akavuta tena. Kisha akatoa mfukoni mkanda mwingine aliojitengenezea mwenyewe, ule mpana wa kushikilia sponji ya kochi, akaupitisha chini ya kidevu, akaukaza utosini mpaka mashavu yakapanda. Akagonga mkanda kwa kidole, ukalia. Ndivyo mkanda uliokazwa vizuri unavyotakiwa kulia.

Daktari alijizuia, akashindwa, akacheka. "Baba, hapa umelivalisha kochi."

Mkewe alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanacheza.

"Sababu za kusaga meno ni nyingi," daktari alieleza alipotulia, "wala siwezi kuapa kwamba ni hii. Lakini taya lililobanwa usiku kucha litatafuta mahali pa kupigania. Mkanda wa kidevu achana nao. Hii barakoa inaonekana si saizi yako, ndiyo maana unaikaza isivuje. Waombe wanaokutibu usingizi wakubadilishie, ila usiache mashine hata usiku mmoja. Mimi nitakutengenezea kinga ya meno, nyembamba, mdomo ufunge. Nao wa usingizi nitawaambia."

"Na ile ya ngozi?"

"Tupa. Na misumari mdomoni, mwisho leo."

Fundi aliuliza maswali mpaka foleni ya nje ikaanza kukohoa. Alipoona meno yake yamenakiliwa kwa plasta ili kupimia kinga, aliyageuzageuza kwenye mwanga, akaomba apewe. Yako karakana hadi leo juu ya kopo la gundi, na seremala huyasalimia kila asubuhi.

Kilichomshinda zaidi ni kulegeza. Maisha yake yote amekaza. Kila akienda kulala mkono ulitaka kuvuta mkanda kidogo tu, akaukanya. Barakoa mpya ikaja, kinga ikaja, taya likaanza kupoa. Alimwomba mkewe arudi? Hakumwomba. Siku moja alitoka kuoga akakuta mto uko kitandani, akazima taa bila neno, asije akaharibu.

Siku ya mapumziko, Fundi alitangulia kuamka. Kumeshakucha. Akavua barakoa, akazima mashine, na katika ule utulivu akasikia sauti. Nyembamba, inapanda na kushuka. Akageuka taratibu. Mkewe alikuwa chali, mdomo wazi, anakoroma!

Fundi alifurahi, hamwezi kuamini. Kumbe! Akaanza kupanga atakavyomtania kwenye chai, atakavyomwambia seremala. Akasogeza sikio asikie vizuri.

Ikakatika.

Fundi akangoja. Akainuka kwa kiwiko, akamwekea mkono begani.

"Vuta," akanong'ona. "Vuta, mama."

Mkewe akavuta, akageukia upande wake, akaendelea kulala. Fundi akashusha pumzi yake mwenyewe, ambayo hata hakujua ameibana. Utani wote ulikuwa umemtoka. Alikaa vilevile kwa kiwiko, mkono uko begani, akimsikiliza mpaka alipoamka.