Ngurumo ya Saa Sita

Miaka kumi na minne Sihaba alipiga hendeli ya jenereta kwenye ranchi iliyojificha porini huko nyuma ya Vigwaza, hata mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto, utadhani kauazima kwa mtu. Kila saa sita mchana mashine ikinguruma, pampu huvuta maji kisimani, mabirika yakajaa, na ng'ombe wakatoka vichakani wenyewe. Ranchi ile haina wa kuswaga. Ina uzio, na ng'ombe mia tatu wanaojua mambo yao.

Kisha zikaja paneli za sola. Fundi Amedeus alizipanga juu ya bati la stoo, akafunga na betri, akaeleza: jua likiwaka pampu itajiendesha, mawingu yakikaa siku mbili, jenereta itasaidia.

"Na mimi?" Sihaba akauliza.

Meneja Tarcis akakohoa. "Wewe, Bi Sihaba, tutazungumza mwisho wa mwezi."

Sihaba alikuwa mjane. Hiyo "tutazungumza" alishaisikia kwa marehemu mumewe, wiki moja kabla hajaletewa mke mwenza. Alijua inakoishia.

Siku ya kwanza pampu ilivuta maji kimya kimya, mabirika yakafurika. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, ng'ombe hakuna. Walisimama kwenye ukingo wa vichaka, masikio wima, wakilitazama banda la jenereta. Siku ya pili vivyo hivyo. Ndama wakaanza kulia. Tarcis akawafuata na fimbo, wakamkimbia.

"Shikamoo, Bi Sihaba," alisema Amedeus, jasho likimtiririka. "Hawa wana nini? Maji si yale yale?"

"Marahaba, mwanangu. Yale yale." Akaendelea kuchambua mchele.

"Au wanaziogopa paneli?"

"Ng'ombe aogope bati?"

Tarcis naye akaja, akachuchumaa mbele ya ungo. "Mama, kama unajua, sema."

"Najua. Lakini si tutazungumza mwisho wa mwezi?"

Ndama akalia tena kule kichakani. Tarcis akashusha pumzi. "Tuzungumze sasa."

"Kazi yangu ipo?"

"Ipo."

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Sihaba akaweka ungo chini, akaenda bandani, akapiga hendeli. Mashine ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Ng'ombe wakateremka mbio, mikia juu.

"Tangu wazaliwe, maji kwao ndiyo sauti hii," akasema.

Basi ikawa hivyo: sola inajaza mabirika, Sihaba anangurumisha mashine robo saa.

Mwezi wa tatu tangu wakubaliane hivyo, saa tano na nusu, alimkuta jike mmoja mweupe birikani, anakunywa kwa raha zake bila kuitwa na mtu. Sihaba akatazama kulia, akatazama kushoto. Meneja hayupo. Akamsukuma taratibu hadi kichakani.

"Huna adabu wewe," akamnong'oneza. "Subiri uitwe."

Kisha akarudi haraka kupiga hendeli.