Jagi la Kioo

Mwalimu msaidizi wa darasa la wadogo aliitwa Mama Mikono, na jina hilo hakulipata kwa ufundi. Alilipata kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Mtoto akihangaika na kifungo, yeye keshakifunga. Mtoto akitafuta kiatu, yeye keshamvisha, tena kamba kaipiga mafundo mawili. Kule alikotoka, kwenye shule ya madawati na chaki, mikono hiyo ilimletea sifa. Hapa, kwenye darasa la Montessori, mtindo wa mtoto kujifunza kwa mikono yake mwenyewe, ilimletea balaa tupu, maana sheria ya kwanza ya chumba kile ilikuwa kwamba mtoto aliyeshika kazi yake haguswi, haongeleshwi wala hasaidiwi mpaka aombe kwa kinywa chake.

Kazi zenyewe zilipangwa kwenye rafu fupi, kila moja na trei yake: maharage ya kuhamisha kwa kijiko, fremu za vifungo na zipu, herufi za msasa za kupapasa kwa vidole, vipande vya mbao vya kujengea mnara. Kwenye rafu ya dirishani lilikaa jagi dogo la kioo na bilauri yake, pamoja na sponji. Ndiyo, kioo. Wazazi wote walishtuka walipoliona, na mwalimu mkuu aliwajibu kila mara maneno yaleyale, kwamba mtoto hajifunzi kuwa mwangalifu na kitu kisichovunjika.

Jumatatu asubuhi aliingia mama mmoja amembeba binti yake kiunoni, kama alivyofanya kila siku tangu amwandikishe wiki kadhaa nyuma, ingawa binti mwenyewe alikuwa na miaka minne na miguu mizima kabisa. Nyumbani alidekezwa kwa jina la Kibibi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na humo ulishinda kutwa. Mwaka uliopita chai ya moto ilimmwagikia, ikaacha ngozi ya mkono ule imekunjamana mpaka kwenye kifundo. Daktari alisema kidonda kimepona, ila akaonya kwamba vidole visipotumika vitakakamaa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile mama alimlisha, akamvisha, akamshikia hata kikombe cha maji.

"Mwalimu, nimechoka kujidanganya," alimwambia mkuu. "Wiki ngapi sasa, na mkono uko palepale mfukoni. Ijumaa nakuja kukaa humu ndani nijionee. Kama hajautoa, namchukua. Naacha kazi, nakaa naye nyumbani."

"Karibu Ijumaa, mama," mkuu alijibu, bila kubishana.

Mama Mikono alikuwa anakunja mikeka pembeni, masikio yamesimama. Alimpenda mtoto yule, na wala hakuficha. Akamwona tayari yuko nyumbani, kalishwa, kaoshwa, kabebwa, na vidole vinakauka kidogo kidogo ndani ya mapenzi ya mama yake.

Mkuu alimsogelea. "Dada, yule mtoto anaangalia sana. Anayeangalia yuko njiani, usimharakishe. Na hiyo mikono yako, tafadhali."

"Nitaikalia, mkuu."

"Ikalie kweli."

Aliikalia. Jumanne yote alionekana kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, viganja viwili chini ya mapaja, na mwenye kutaka kucheka alikuwa na haki. Kibibi alipita rafu kwa rafu. Alipapasa herufi za msasa kwa mkono wa kushoto. Maharage alihamisha kwa kushoto vilevile, nusu yakamwagika akayaacha. Kisha akaenda dirishani akasimama, akamtazama mwenzake mmoja akimimina maji. Jagi lile halimiminiki kwa mkono mmoja. Mmoja hushika mpini, wa pili hutegemeza mdomo wa jagi, la sivyo maji yote ni ya mezani. Kibibi alisimama pale mpaka mwenzake akamaliza, akafuta na kurudisha trei, naye bado amesimama.

Jumatano alilichukua.

Hakuna aliyemwambia. Mama Mikono alikuwa amepiga magoti karibu, anaokota maharage, alipoona trei inateremka kutoka rafuni, na chini yake imeshikwa na mikono miwili. Aliona ile ngozi iliyokunjamana. Kibibi aliweka trei mezani, akashika mpini, akapeleka vidole vya kulia kwenye mdomo wa jagi, akainamisha. Uzi mwembamba wa maji ukaanza kushuka kwenye bilauri.

Jagi likatikisika. Likatikisika kidogo tu, kama linavyotikisika kwa kila mtoto anayeanza. Lakini mazoea yana tabu. Kabla akili haijasema lolote, mikono ya Mama Mikono ilikuwa imeshafika, imedaka jagi kwa chini. Kibibi alishtuka akaliachia. Mtu mzima naye hakuwa amelishika sawasawa. Likapasukia sakafuni.

Mtoto hakulia, na ingekuwa afadhali alie. Alitazama vipande, akamtazama mwalimu, kisha akaurudisha mkono mfukoni polepole, na kwa mkono wa kushoto akaubonyeza juu ya mfuko usitoke tena.

Siku iliyofuata Kibibi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akakataa kila kitu. Watoto walipoinuka kutembea taratibu juu ya mstari wa duara uliochorwa sakafuni, kila mmoja na kengele mkononi asiyotakiwa kuiliza, yeye hakuinuka. Mama Mikono alimaliza siku hana hamu hata ya kujitetea.

"Mkuu, nihamishe," alisema baada ya watoto kuondoka. "Niweke jikoni, niweke getini. Huyu mtoto nimemharibia mimi."

Mkuu alikuwa anafungua boksi. Akatoa jagi jipya la kioo, akalifuta vumbi. "Kesho wewe ndiye utakayemwonyesha."

"Mimi? Mbele ya mama yake?"

"Mimi anajua sikosei. Mimi simfai."

Ijumaa mama alikaa kwenye kiti cha wageni kwenye kona, pochi mapajani, ameishika kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mama Mikono alimwendea Kibibi pale mlangoni, akachuchumaa. "Nakwenda kumimina maji. Ukitaka kuangalia, njoo." Akageuka akaondoka bila kumvuta, na hatua zile chache hadi dirishani zilimchosha kuliko mlima. Nyuma yake alisikia kandambili ndogo zikimfuata.

Kuonyesha kazi katika darasa lile hakuna maneno. Unafanya taratibu, mtoto anatazama mikono yako. Na mikono yenyewe, siku hiyo, ilikuwa inatetemeka. Alijua mama anatazama. Alijua mkuu anatazama pia. Alishika mpini, akategemeza mdomo wa jagi, akamimina, na maji yakaruka nje ya bilauri, yakatambaa mezani mpaka ukingoni.

Mama kule kwenye kona alifyonza hewa kwa meno. Mama Mikono alitamani sakafu impokee. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakufika kwenye darasa hili wakaona sponji. Aliichukua, akafuta, akaikamua kwenye ndoo.

"Umemwaga," Kibibi alinong'ona.

"Nimemwaga."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikimwaga nafuta."

Ukingoni mwa meza palibaki maji, na tone moja lilikuwa linajiandaa kuanguka. Mama Mikono aliliona. Vidole vilimwasha. Akaketi kwenye kiti kidogo, akaviweka chini ya mapaja, akavikalia kwa uzito wake wote.

Kibibi akachukua sponji kwa kushoto, akafuta. Akaipeleka kwenye ndoo, akaiminya. Haikukamulika. Sponji haikamuliki kwa mkono mmoja. Akajaribu tena. Kisha, bila kumtazama mtu, akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaishika huku na huku, akainyonga mpaka maji yakaisha. Akarudi mezani akashika jagi.

Kiti cha kona kilisukumwa. Mama alikuwa ameshavuka nusu ya chumba, mkono mmoja mbele, na Mama Mikono aliinuka akamkamata kifundo cha mkono.

"Muache, mama yangu."

"Ataliangusha."

"Akiliangusha tutafagia."

"Ataumia, mwalimu. Humjui."

"Mimi juzi nilifanya hivi unavyotaka kufanya," Mama Mikono alisema kwa sauti ya chini, "na mtoto akarudisha mkono mfukoni. Nakuomba. Nishike mimi, tushikane."

Wakashikana, wanawake wawili wazima, kila mmoja akimzuia mwenzake. Jagi lilitikisika. Kiganja cha mama kilikuwa kimeloa jasho, kucha zake zikamwingia mwenzake kwenye nyama. Jagi likabaki hivyo hewani, likatulia. Maji yakashuka. Bilauri ilipokaribia kujaa Kibibi aliinua mdomo wa jagi, akaliweka chini bila sauti, akafuta tone moja lililobaki kwenye trei.

Kisha akainua bilauri. Alitembea nayo kwa mwendo ule wa kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole, macho kwenye maji, mpaka aliposimama mbele ya mama yake.

"Kunywa."

Mama alinyoosha mkono mmoja. Ule mwingine bado ulikuwa umekumbatia pochi. Kibibi hakuiachia bilauri. Aliutazama ule mkono, akatikisa kichwa.

"Shika kwa mikono miwili, mama."

Mama akaweka pochi sakafuni, akapokea kwa mikono miwili, akanywa yote.