Vyumba Vitatu vya Betri

"Betri zipo," alisema Deodatha, huku akikata mche wa sabuni kwa waya. "Kibali ndicho hakipo."

Costansia aliziona kwa macho yake, katoni nzima, nyuma ya gunia la chumvi la duka la kijiji. Nne tu zingemtosha. Mgongoni Anatolia alikuwa amelala, homa yake ikimchoma mama shingoni.

"Dada Deo, nitazirudisha leo hii. Nisikilize kaseti moja tu."

"Betri inarudishwaje, mwenzangu? Utanirudishia na yai ulilokwisha kula?" Deodatha akacheka, kisha akashusha sauti. "Mimi natumwa na orodha. Jina lenu halimo. Nenda kwa mwenyekiti."

Mwaka ule wa 1984 alikuwa amekwenda huko mara mbili, kwanza kwa sukari, halafu kwa kanga. Mara zote aliambiwa mumewe ni Mnyarwanda, na Wanyarwanda wana wakubwa wao wa kuwagawia. Leonidas huyo aliingia kijiji hiki cha Nyakakika akiwa mgongoni mwa mama yake. Jembe la kwanza maishani alilishikia hapa.

Kaseti ililetwa asubuhi na Polikarpi wa Rugera, aliyekuwa akikata miwa pamoja na Leonidas, mbali, mwendo wa siku mbili. Alikunywa uji akiwa amesimama.

"Shemeji, amelazwa. Anakohoa vibaya. Kuandika hajui, unajua mwenyewe, na mimi amenikataza kuyabeba maneno yake mdomoni. Anasema yatapungua njiani. Kuna jambo anakuuliza humo ndani." Akafuta midomo. "Lori la kahawa linaondoka saa tisa, nami nimo. Amesema nisirudi bila jibu."

Ofisini kwa mwenyekiti wanaume watano walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu. Costansia alipiga goti, redio kaseti kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na redio! Leo tunacheza dansi?" alisema mwenyekiti Mutalemwa. Benchi likacheka.

"Naomba kibali cha betri nne, mzee. Mume wangu ni mgonjwa. Maneno yake yamo humu."

"Kibali cha nini, na ofisi ina betri?" Akasukuma kwa mguu betri kuukuu ya gari iliyokuwa chini ya meza, ile ya kipaza sauti cha mikutano. "Tutasikia wote. Asiye na siri haogopi masikio."

Alikuwa ametaka kuisikiliza nyumbani, mlango umefungwa, migomba peke yake ikiwa jirani. Tangu Leonidas aondoke ilikuwa miezi kumi na mmoja. Kuna usiku aliokuwa akiibonyeza redio isiyo na betri ili asikie tu kile kitufe kikilia. Alitazama jua mlangoni. Akaiweka redio mezani.

Betri ile aliifahamu. Kwenye darasa la watu wazima jioni, Mwalimu Cassian aliwahi kuwaonyesha ya namna hiyohiyo: vyumba sita, kila kimoja volti mbili, vimeunganishwa juu kwa vipande vya madini ya risasi vinavyoonekana. Costansia alipiga hesabu kwenye daftari lake. Volti moja na nusu mara betri nne za redio, sita. Sita gawanya kwa mbili, tatu. Mwalimu aliweka alama ya vema kwa wino mwekundu, na yeye akaenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto kutoka kwa jirani.

"Samahani, mzee. Redio hii inakula vyumba vitatu tu. Waya mmoja ukae kwenye kichwa chenye alama ya kujumlisha, wa pili uguse hapa katikati, kwenye hii risasi. Ukiipa vyote sita itaungua."

Mutalemwa akamgeukia.

"Nani amekufundisha?"

"Ngumbaru, mzee."

"Kumbe tunaye injinia!" alisema mmoja.

"Betri hii naiunga mimi tangu wewe hujavunja ungo," alisema Mutalemwa. "Kipaza sauti kinakula vyote sita, na kijiji kizima kinasikia. Hiki kidude chako ndicho kitavimbiwa?"

"Basi niunge mwenyewe, mzee. Tafadhali."

"Mali ya chama haishikwi na kila mkono."

Costansia alinyoosha mkono, mwenyekiti akauondoa kwa kiwiko. Angeweza kuinyakua redio yake. Angeipeleka wapi? Ilikuwa inakaribia saa nane na nusu.

Mutalemwa akaunga waya kwenye vichwa viwili vya mwisho, vyumba vyote sita, akabonyeza.

Kaseti ilikurupuka. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbio, kama ya kifaranga kilichokanyagwa. "Mama Anatolia," ilisema, halafu maneno yakapandiana yote.

"Huyu ni mume au kuku?"

"Ndivyo wanavyobembelezana!"

Kisha ikaja sauti nyingine, fupifupi, iliyofuatana bila kupumua. Wanaume wakadhani anacheka, nao wakacheka hadi wakashikana mabega. Costansia peke yake ndiye aliyejua kuwa kile ni kikohozi.

Moshi ulitoka kwenye matundu ya spika. Gurudumu likasokota utepe, likaukata, likasimama.

"Vitu vya magendo hivi," alisema Mutalemwa akifuta vidole. "Lakini ofisi imekusaidia. Usije ukasema nje kwamba hukusaidiwa. Haya, anayefuata."

Lori lilikuwa linaunguruma barabarani, mbele ya ofisi. Polikarpi alikuwa juu ya magunia ya kahawa, alimwona, akainama.

"Shemeji, umemsikia?"

Mgonjwa huwa anauliza nini? Auze shamba? Amlete mtoto? Aje yeye? Au asije, aolewe na mwingine? Kila moja lilikuwa na jibu lake. Na kule alikolazwa, Leonidas alikuwa anahesabu siku za Polikarpi kurudi.

"Nimemsikia," alisema Costansia. "Mwambie ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo."

Polikarpi akaitikia kwa kichwa. Lori lilipokata kona midomo yake bado ilikuwa inachezacheza, akilirudia neno lile moja lisimpotee.

Nyuma ya Costansia, ofisini, mtu mmoja alikuwa anaigiza kwa sauti nyembamba: "Mama Anatolia! Mama Anatolia!" Benchi likaangua kicheko, likamwomba arudie. Akarudia.

Mgongoni mtoto akaamka, akageuza shingo kuitafuta ile sauti.