Asiyepatikana Hubaki Alivyokuwa

Kazi yake ilikuwa kupiga simu. Chuo kikuu kizima, pamoja na maprofesa wake wote, kilimtegemea mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili kujua kama watoto kiliowafundisha wamepata kazi. Alimpigia kila mhitimu mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano baada ya kumaliza: umeajiriwa, unatafuta, au umerudi darasani? Wenzake wa koridoni walimbatiza Mama Haloo, naye akaitika jina hilo hata kwenye foleni ya chai.

Msidhani ni kazi ya mzaha. Majibu yake yaliingia kwenye ripoti ya kila mwaka ya mchango wa elimu ya juu katika uchumi, na ripoti ile ilisomwa na wakubwa. Idara ambayo watu wake wako kazini huongezewa wanafunzi na maabara. Mwenye kiwanda akitaka kujua kama nchi ina wahandisi wa kutosha, hufunuliwa ukurasa wa kumi na mbili. Mwaka huu uhandisi wa ujenzi ulipata asilimia tisini na moja, na bosi wake, Mkuu wa Kitengo, alitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa, watu hubadili namba. Simu huibiwa, hutumbukia kwenye ndoo. Ndipo Mkuu alipotunga kanuni, akaibandika ukutani juu ya meza ya Mama Haloo: Asiyepatikana hubaki alivyokuwa. Yaani kama mara ya mwisho ulisema uko kazini, na leo hupatikani, basi uko kazini. Mwanzoni kanuni ile ilimkera, kisha akaizoea kama mtu anavyozoea harufu ya choo cha jirani. Ilikuwa sasa miaka tisa.

Jumanne, saa nne asubuhi, mlango uligongwa. Akaingia mama wa miaka sitini hivi, amevaa nguo zake za kutokea, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayejua walipo waliosoma hapa?"

Akatoa barua. Chuo kilikuwa kimewaandikia wote walioonekana kwenye orodha kuwa kazini tangu walipomaliza. Tunakupongeza kwa miaka mitano mfululizo ya kulijenga taifa. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la mwanawe wa pekee.

"Nielekeze tu kazini kwake," mama alisema. "Sitamsumbua. Nitasimama getini, nimwone, nirudi zangu."

Mama Haloo alimpa kiti, akafungua kumbukumbu kwenye kompyuta. Mwaka wa kwanza: ameajiriwa, handaki la maji, mradi wa umeme. Mwaka wa tatu: ameajiriwa. Mwaka wa tano: ameajiriwa. Kando ya majibu hayo mawili ya mwisho palikuwa na nyota ndogo, alama aliyowawekea wasiopatikana. Akaisogelea skrini.

Maana alimkumbuka. Wengine hujibu haraka haraka na kukata, lakini huyu alicheka, akamuuliza, "Na wewe dada, nani hukupigia kukuuliza kama kazi inakwenda?" Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nyuma ya kicheko chake maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mawe. Mama Haloo aliyasikia tena sasa hivi, mchana kweupe, mle chumbani, na ikambidi ageuke kutazama bomba la kwenye kona. Lilikuwa limefungwa.

"Mama, mara ya mwisho mlizungumza naye lini?"

"Miaka minne iliyopita, kabla handaki halijabomoka. Walisema wamo watano ndani na hawafikiki, wakaziba kwa zege. Hatukupewa mwili. Mimi nilikaa matanga, Mungu anisamehe. Baba yake alikataa katakata, akasema hapa hajazikwa mtu. Kumbe mzee wangu ndiye aliyekuwa na akili."

"Mama, barua kama hizi..."

"Hiki chuo kilimnyima daraja la kwanza kwa nusu alama," mama alisema, na kweli alikuwa anatabasamu. "Wanaohesabu nusu alama watakosea mtu mzima?"

Mkuu wa Kitengo, ambaye mlango wake ulikuwa wazi, alimwita Mama Haloo koridoni.

"Mwambie taarifa za wahitimu ni siri," alinong'ona. "Huo si uongo. Ripoti inasomwa kesho, mama. Tukianza kufukua nyota moja, tutafukua ngapi?"

Mama Haloo alijua ni ngapi. Mia mbili na kumi na nne. Miaka yote hiyo aliwapandisha kutoka ripoti moja hadi nyingine, hawaugui, hawafukuzwi, hawazeeki, na hata siku moja hakujiuliza ni wangapi wako juu ya ardhi. Aliogopa. Aliiogopa ripoti, alimwogopa Mkuu, lakini zaidi alimwogopa yule mama aliyeketi mle ndani akiwa na furaha. Angeweza kumrudisha nyumbani na furaha yake, na mwaka wa saba, wa kumi, mama angerudi tena kuuliza geti ni lipi.

Akarudi ndani, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, hakuna aliyemwona. Ni mimi niliyeandika. Nilimpigia, hakupatikana, nikaandika yuko kazini. Ndivyo tunavyofanya hapa."

"Ulimpigia mara ngapi?"

"Kila mwaka wa zamu yake. Mara mbili."

"Na mara zote mbili ukaandika."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama aliitazama barua kwa muda mrefu. Koridoni mtu alikuwa akicheka na mwenzake.

"Basi yumo mle mle handakini," alisema.

Mama Haloo alitaka kulia, akaona hana haki ya kutangulia.

"Baba yake ameanza kula," mama alisema. "Tangu barua ifike. Jana ameung'oa mlango wa chumba cha mtoto aupige randa, eti ulikuwa unakwaruza na mtoto hakuupenda. Simu yetu ni moja, nimemwachia. Nimemwambia nikimkuta kijana, nitamwambia apige mwenyewe kwa simu ya kazini." Akaikunja barua. "Nilimzika mara moja, mwanangu. Kumzika tena kwa mdomo wangu siwezi. Piga wewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Mama Haloo maini. Mama akataja namba, tarakimu moja moja, polepole, kama watu wanavyomtajia karani. Mama Haloo alibonyeza. Kwa kawaida aliacha simu ilie mara sita kabla ya kuweka nyota. Hii haikumaliza mlio wa kwanza.

"Mwanangu?"

Mama Haloo alifungua mdomo, sauti ikagoma. Mama alikuwa ameinamisha uso, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Sema tu, baba," mzee alisema, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye haya. "Nakusikia."