Hapa Liandikwe Jina

Kabla hakujapambazuka, ulisikika mlio kabatini, ki, kama kijiko kilichogusa kikombe. Bibi akajifunga shuka, akaenda jikoni. Mezani alikuta mzee wa urefu wa kidole, wa buluu mwili mzima. Alikuwa ametoka kwenye sahani nyeupe ya kabatini, na kwenye daraja la picha yake, pale alipokuwa amechorwa, palibaki peupe.

"Shikamoo," alisema Bibi, maana sahani ilimzidi umri.

"Marahaba, mwanangu."

Miaka mingi ilikuwa imepita hajaitwa mwanangu. Akamtilia maji kwenye kifuniko cha chupa.

Ukingoni mwa sahani kulikuwa na maandishi mazuri ya buluu: HAPA LIANDIKWE JINA LA BIBI HARUSI. Bwana harusi aliiagiza ng'ambo. Bibi harusi huyo alikuwa bibi wa bibi yake Bibi, na jina lake hakuna aliyelijua tena. Mjukuu wa Bibi, aliyeishi naye, mwenye mimba ya miezi minane, alitaka kumrithisha mtoto jina hilo.

"Ni wewe uliyeichora?"

"Ni mimi. Nikajichora na mimi mwenyewe, msimamizi alipogeuka."

"Mbona uliandika maagizo badala ya jina?"

"Herufi zenu sikuzijua. Nilinakili karatasi ilivyokuja. Nikajisemea, masikini, jina refu hivi, mpaka amalize kuitwa chakula kimepoa."

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. "Na jina lenyewe?"

"Lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Wakala aliigeuza, akaandika nyuma oda ya mteja mwingine, akaituma mbali." Akanywa maji. "Hata buluu hii ilitoka nchi nyingine, na maua waliyachagua wanunuzi. Changu kilikuwa mkono tu. Nyuma ya sahani kuna muhuri wa tajiri."

Mjukuu akatoka chumbani, akawaamkia wote wawili, akachukua mkoba wa kazi. Kiwandani hushona lebo shingoni mwa mashati.

"Lebo ina jina lako?" mzee aliuliza.

"La mtu wa ng'ambo, babu. Sijawahi kumwona."

"Kumbe bado ni vilevile," alisema mzee.

Bibi akamuuliza mzee jina lake, akalirudia mpaka likakaa mdomoni. Alijaribu kuliandika kwa penseli nyuma ya sahani, karibu na muhuri. Penseli ikateleza. Akafuta sahani kwa ncha ya shuka, akaishikilia ili mzee apande kurudi darajani bila kujikwaa.

Nje, mjukuu alikuwa anawahi zamu.

"Mtoto akizaliwa upite tena," Bibi alimwambia mzee. "Uje na brashi. Safari hii jina tutakutajia kwa mdomo."