Kipindi cha Alkhamisi

Tangu mumewe Kheir afariki, Bi Zeyana hakuwasha televisheni. Alikuwa anakaa eda nyumbani kwake Mpendae, wala hakuwa na hamu ya kutazama chochote. Ndiyo maana alishituka Alkhamisi moja baada ya alasiri, alipoona king'amuzi kinawaka taa nyekundu hali hakuna aliyekigusa. Alkhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu akamwita Sumaiya, binti wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye tangu msiba.

"Hebu kitazame kitu hichi, mwanangu. Kinajiwakia chenyewe."

Sumaiya akawasha televisheni, akabonyeza rimoti hapa na pale.

"Kinarekodi, shangazi. Kimewekwa kirekodi kipindi kimoja kila wiki. Cha daktari, watu wanapiga simu kuuliza maradhi yao."

"Kakiweka nani? Mie rimoti hiyo hata kuzimia siijui."

"Kimewekwa tarehe kumi na mbili Februari."

Bi Zeyana akakumbuka. Mwezi ule kila Alkhamisi alikuwa akishinda Bububu, akimuuguza mdogo wake Nassra aliyepooza upande mmoja. Kheir alibaki peke yake. Mwanzo wa Machi alianguka dukani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Watu walisema kifo cha ghafla, naye alisema hivyohivyo.

"Kifungue cha mwanzo."

Daktari alizungumza kidogo juu ya moyo, kisha akapokea simu.

"Naitwa Bakar, wa Mbweni," ilisema sauti.

Bi Zeyana akamshika Sumaiya mkono. Hakuwa Bakar yeyote. Alikuwa Kheir, na kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya neno zito.

"Dokta, nshaambiwa moyo wangu umechoka. Lakini mke wangu anauguza ndugu yake. Nikimwambia, atamwacha nani?"

"Mwambie leo hii, mzee wangu. Usimchagulie."

"Inshallah," alijibu Kheir, na simu ikakatika.

Sumaiya alizima. "Pengine alitaka siku ile moja tu," alisema taratibu, "aje alisikilize tena jibu. Kabonyeza pa kila wiki bila ya kujua."

"Angelinambia!" Bi Zeyana alilia. "Wiki tatu, Sumaiya! Wiki tatu alikuwa akinisindikiza mpaka kituoni, na mkoba wangu kaubeba yeye!"

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Sumaiya alipomuuliza kama aifute ile amri ya kurekodi, alisema aifute, lakini kile cha mwanzo akiache.

Baada ya magharibi Nassra alipiga simu kutoka Bububu, kama kawaida yake. Bi Zeyana aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Ilipolia tena akapokea.

"Dada, mbona sauti yako hivyo? Ulikuwa unalia?"

Bi Zeyana akajipangusa macho. Angeanzia wapi kumwambia mgonjwa neno kama lile, naye atajilaumu mpaka lini?

"Mafua tu," alisema. "Wewe umekula?"